Majina Kumi ya Mfuko wa Walezi

Jumatatu, 12 Aprili 1948

Shule imefunguliwa leo, na mvua nayo imefunguliwa. Wasichana wameingia na masanduku yaliyolowa, bweni langu lote linanuka nguo mbichi. Mimi ninao thelathini na mmoja. Nyamvula, mlezi wa bweni la pili, anao thelathini.

Daftari hili amenipa Mwarandu, mlezi wa bweni la wavulana kule Changamwe, ambaye ndiye katibu wa Mfuko wetu wa Walezi. Ameniagiza niandike kila atakayekubali kujiunga na kila atakayekataa, na sababu yake, ili mwisho wa muhula alisome aone watu wa Kisauni wana mawazo gani.

Mfuko tuliuanzisha mwaka jana, walezi saba wa Likoni, Kisauni na Changamwe. Kazi yake ni moja. Kila mwaka mlezi mmoja kutoka kila shule apelekwe hospitali kubwa ya kisiwani kwa miezi sita, afunzwe kuuguza watoto na kuyatambua maradhi kabla hayajakomaa. Hospitali imekubali kufundisha. Chakula na malazi ni juu ya Mfuko. Lakini shule inayotaka kupeleka mlezi wake lazima iwe na wanachama kumi miongoni mwa wafanyakazi, watu waliotia sahihi wakatwe kidogo katika mshahara. Karatasi ifike Changamwe kabla ya mwezi wa Juni kwisha.

Hapa tuko kumi na sita. Kumi katika kumi na sita. Sioni kwa nini isiwe kazi ya juma moja.

Jumatano, 14 Aprili

Sahihi tatu: yangu, ya Nyamvula, na ya Mwalimu Sidi wa ushonaji. Sidi ni rafiki yangu tangu usichana wetu, asingeweza kukataa. Nyamvula alitia sahihi huku akicheka, kabla sijamaliza kueleza, na nina hakika hajui alichokitilia sahihi. Ana miaka ishirini na mitatu na utoto haujamtoka. Nikipita bweni lake nawakuta wanafunzi wameketi kitandani kwake, wanamsuka nywele na kumsimulia mambo ya kwao. Kwangu mimi mwanafunzi haketi kitandani kwa mlezi.

Ijumaa, 16 Aprili

Nimemwendea Mwalimu Mramba. Ndiye mkubwa wa walimu na anafundisha hesabu. Akisema neno asubuhi, ikifika adhuhuri limekuwa neno la wote. Alikuwa akisahihisha madaftari. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema mlezi ni mtu wa kuamsha watoto na kuzima taa, na kwamba wazazi wetu walilea bila kufunzwa na mtu.

Nikamkumbusha Nyevu wa Masha. Alikufa Februari kwa homa ya uti wa mgongo, msichana wa miaka kumi na mitatu, kutoka bweni langu. Nikamwambia hapakuwa na hata mmoja katika shule hii aliyejua anaumwa nini, na ndiyo sababu ya Mfuko.

Mramba aliweka kalamu chini akanitazama sana. Nilidhani nimemgusa. Kengele ikalia, akakusanya madaftari yake akaenda darasani.

Moyo mgumu kama jiwe la kusagia.

Jumanne, 20 Aprili

Mvua. Njia ya darajani ni tope tupu, lori la unga halikufika. Hakuna aliyetia sahihi.

Jumatano, 21 Aprili

Mvua. Hakuna.

Jumatatu, 26 Aprili

Leo Bibi Mkuu, mmishenari anayetuongoza, amenipa nafasi ya kusema katika mkutano wa wafanyakazi. Nilisema vizuri. Niliwaeleza jinsi Nyevu alivyokakamaa shingo, jinsi alivyoficha macho asione mwanga, jinsi tulivyompakia garini tumechelewa. Niliwaambia kwamba kila anayekataa sahihi leo ajue kuna mtoto mwingine atakayekufa vile vile, na asije akalia makaburini kwa machozi ya mamba.

Baada ya mkutano nilimfuata Mwanatatu, mpishi wetu, mwanamke ambaye siku zote tunapatana, nikampa karatasi. Hakuipokea. Alisema, "Mama Jumwa, kila ukisimama sisi tunajiona tuko kizimbani. Mimi nilimpikia yule mtoto uji siku ya mwisho. Nimefanya kosa gani?"

Nikamwambia mwenye kosa anajijua. Amenuna mpaka jioni, na chai yangu imekuja baridi.

Alhamisi, 29 Aprili

Mwarandu alitaka sababu, basi ndizo hizi. Mwalimu wa nyimbo atatia sahihi Mramba akitia. Seremala anasema Misheni ndiyo inayopaswa kutoa. Karani anasema atafikiri. Alisema hivyo juma lililopita pia, na sijui mtu hufikiri jambo gani siku tisa. Mwalimu mmoja wa darasa la chini amesema wazi kwamba hawezi kukatwa mshahara ili Nyamvula akakae mjini miezi sita akivaa kofia nyeupe. Nikamwambia hatakwenda Nyamvula, nitakwenda mimi. Akasema, "Afadhali," lakini sahihi hakutia.

Bustani imeleta ahueni moja: mtunza bustani amejiunga. Wanne.

Jumamosi, 8 Mei

Mzee Mwinyihaji ndiye mtunza ghala letu. Ni Mwislamu wa ukoo wa zamani hapa Kisauni, na kwa miaka kumi na mitano amewapimia watoto wa Misheni unga na maharagwe bila kupungua hata kibaba. Sikuwa nimemwomba, nikidhani hili si jambo lake. Leo ndiye aliyeniita.

"Bi Jumwa, hiyo karatasi yako haifiki ghalani?"

Nikampa. Alitia sahihi kwa herufi za Kiarabu, polepole, akaipuliza wino ukauke. Kisha akaniuliza nimepata wangapi. Nilipomwambia, alitikisa kichwa akasema, "Wewe huwaombi watu, mama. Wewe wadai. Na mtu akidaiwa asichokopa, hufunga mlango."

Nimemshukuru kwa sahihi. Nasaha yake sikuiomba. Mtu anayeomba kwa ajili ya roho za watoto apige magoti kwa watu wazima wenye akili zao?

Watano.

Alhamisi, 13 Mei

Mvua usiku na mchana. Paa la bweni linavuja mahali pawili. Hakuna.

Jumatano, 19 Mei

Leo amekuja Masha, baba yake Nyevu.

Ametoka upande wa Rabai kwa miguu hadi Mazeras, akapanda treni, akavuka daraja la Nyali kwa miguu tena katika mvua ile. Amekuja kuchukua sanduku la mwanawe, ambalo tumelihifadhi tangu Februari. Ni mtu mrefu, mkulima, viganja vyake vimepasuka kama udongo wa kiangazi. Nilimkaribisha kibarazani pa bweni, nikampa kitambaa ajipanguse.

Alifungua sanduku mbele yangu akatoa kitu kimoja kimoja, akakipanga juu ya mkeka: gauni mbili, kitabu cha nyimbo, kitana, kipande cha sabuni kilichotumika nusu. Alikuwa kama anayehakikisha kwamba kila kimoja ni cha mwanawe kweli. Sabuni aliinusa. Kisha akavirudisha vyote kwa utaratibu ule ule.

Akaniuliza, "Mama, mwanangu alianza kuumwa lini?"

Nikasema Jumanne asubuhi, hakuamka.

"Jumatatu alikuwa mzima?"

"Alikuwa mzima."

"Hakusema kitu? Maana yeye alikuwa msemaji. Akichomwa na mwiba kijiji kizima hupata habari."

Nikasema hakusema kitu. Masha aliitikia kwa kichwa. Alisema basi Mungu alimchukua kwa upole, kwamba jambo hilo litamfaa mkewe, maana mkewe huwaza sana kuhusu siku ile. Alinishukuru kwa kumtunza mwanawe. Akajitwika sanduku kichwani, akakataa kungoja mvua ipungue.

Nimeandika haya kwa sababu nimeapa kuandika kila kitu. Sasa nitaacha.

Jumanne, 1 Juni

Niliwasimulia wenzangu habari za Masha na sanduku, na wawili wamejiunga kwa huruma: mwosha nguo na mwalimu wa darasa la pili. Saba. Karani bado anafikiri.

Barua kutoka Changamwe. Mwarandu anasema Likoni wamekwisha kupata kumi na moja na wanaimba. Anauliza tumekwama wapi.

Nimekwama kwa Mramba. Huyu mtu mmoja anashika sahihi tatu au nne mkononi mwake, na haufungui.

Jumatano, 9 Juni

Alasiri mvua ilikatika kidogo. Nilimkuta Mramba peke yake darasani akifuta ubao, nikafunga mlango. Nilikuwa nimechoka na adabu. Nilimwambia kwamba yeye ni mtu asiye na huruma, kwamba anawazuia wenzake kwa kiburi, na kwamba mtoto mwingine akifa katika shule hii damu yake itakuwa juu ya kichwa chake.

Hakukasirika. Aliweka kifutio mahali pake, akapangusa chaki mikononi. Alisema kwa sauti ya chini kabisa.

"Jumatatu ile, saa tisa, nilipita kisimani. Nyevu alikuwa na ndoo, ameketi chini, ameshika shingo. Nikamwuliza ana nini. Akasema shingo inauma na jua linamchoma macho, amemwambia Mama Jumwa, na Mama Jumwa amesema aache uvivu akateke maji."

Nilipeleka mkono kwenye komeo la mlango.

"Nilimbebea ile ndoo mpaka jikoni," akasema. "Nami sikufanya zaidi ya hapo. Sikumpeleka kwa mtu. Kwa hiyo sijitoi. Tangu siku ile sijamwambia yeyote, wala sitasema. Lakini wewe unasimama mbele za watu unasema hapakuwa aliyejua, halafu unawageuzia kidole. Karatasi iliyosimama juu ya uongo, mama, mimi sitii sahihi."

Nilifungua mlango nikatoka. Mvua ilikuwa imeanza tena na sikukimbia.

Alhamisi, 10 Juni

Mwarandu, ukisoma haya, soma yote.

Ni kweli. Alikuja kwangu baada ya chakula cha mchana. Nilikuwa nahesabu shuka kwa sababu Bibi Mkuu alikuwa aje kukagua. Alisimama mlangoni akasema, "Mama, shingo yangu haigeuki." Sikumtazama. Nilikuwa nimefika shuka ya ishirini na kitu na sikutaka kupoteza hesabu. Nikamwambia nimewajua wasichana wanaoumwa siku ya zamu yao ya maji. Akasema, "Ndiyo, mama." Akaenda.

Katika daftari hili, tarehe 16 Aprili, nimeandika kwamba hapakuwa na hata mmoja aliyejua. Nilijua ni uongo nilipoandika. Na yule baba nilimwambia mbele ya gauni za mwanawe kwamba hakusema kitu.

Kama ningalifunzwa ningaliyajua maneno yale ni ya maradhi gani. Hilo nalo ni kweli, na ndiyo maana nautaka Mfuko huu kuliko kitu chochote. Lakini kutazama uso wa mtoto hakufunzwi hospitali.

Jumatatu, 14 Juni

Siku nne sijamwomba mtu.

Alhamisi, 17 Juni

Sidi ameniuliza kama naumwa. Nimemweleza yote tukiwa tunakunja nguo. Hakunibembeleza wala hakunilaumu. Amesema tu kwamba siku zimebaki chache, na kwamba Bibi Mkuu atanipa nafasi tena Jumatatu nikiomba. Nimemwambia nikisema nitafukuzwa. Akasema huenda.

Jumatatu, 21 Juni

Nimesema.

Sikusimama mbele, nilisema nikiwa nimeketi mahali pangu. Niliwaambia habari ya shuka, ya shingo na ya ndoo. Niliwaambia kwamba hapakuwa mwingine aliyepaswa kujua zaidi yangu, na kwamba nimewabebesha wao mzigo wangu tangu Aprili. Nikamwomba Mwanatatu radhi kwa jina. Kuhusu Mramba na kisima sikusema, lakini yeye mwenyewe alisimama akakitaja kisima, akasema na yeye aliona akapita. Hapo mwalimu wa nyimbo alianza kulia.

Nikasema karatasi iko mezani, na sina la kuongeza. Nilikuwa nimeandaa maneno mengine mengi yakapotea.

Bibi Mkuu aliniita ofisini. Aliandika katika daftari lake kubwa, kisha akaniambia nirudi kazini mpaka atakapoamua. Sijui ameandika nini.

Jumatano, 23 Juni

Mwanatatu ametia sahihi. Ameniletea na chai, ya moto, akaiweka mbele yangu. Mwalimu wa nyimbo ametia. Jioni Mramba akaja na karatasi ameishika mwenyewe, jina lake la kumi. Seremala amekataa katakata, safari hii akisema ndiyo sababu hataki: walezi wenyewe ndio hawa. Karani anafikiri.

Kumi! Ningepaswa kufurahi, na nilifurahi kwa muda wa kunywa chai ile.

Kwa sababu baada ya maakuli walikaa wanachama wote kumi kuchagua jina la mlezi wa kupelekwa, na Mramba akasema Nyamvula. Nilidhani nimesikia vibaya. Miezi mitatu mimi ndiye niliyekanyaga tope, mimi ndiye niliyefungiwa milango, mimi ndiye niliyejivua nguo mbele za watu. Nilisema hivyo, na sauti yangu haikuwa nzuri.

Mramba akanijibu, "Maradhi huanza kwa mtoto kusema, Mama Jumwa. Na watoto wote wa shule hii, hata wa bweni lako, wakiumwa huenda kwa Nyamvula."

Nikageuka kumtazama Nyamvula akanushe. Alikuwa ameinamisha kichwa. Wasichana wangu. Miaka sita nimewalea, wananizunguka kama watu wazungukavyo shimo la choo.

Waliinua mikono. Sidi aliinua pia, bila kunitazama. Mzee Mwinyihaji aliinua mwisho, akasema, "Ni kheri, Bi Jumwa, inshallah." Sikuinua.

Jumamosi, 26 Juni

Hasira haijanitoka. Nimefua, nimepiga pasi, nimefagia pasipohitaji kufagiwa.

Mchana msichana mmoja wa bweni langu alikuja mlangoni akasema tumbo linamsokota. Niliacha pasi nikamketisha kitandani kwangu. Aliketi ukingoni kabisa, tayari kuruka, akinitazama kama anayengoja kofi. Mramba hakusema uongo.

Jumatatu, 28 Juni

Nimeivusha karatasi mwenyewe hadi Changamwe. Jina la Nyamvula nimeliandika kwa mkono wangu mahali pa jina la mlezi, na kalamu haikukataa. Nilitaka kumpa Mwarandu na daftari hili, kisha nikamwambia halijaisha. Yeye alifurahi juu ya majina kumi, akanisifu kwamba najua kushawishi watu. Nilimwambia sijui.

Jumatano, 30 Juni

Bibi Mkuu ameamua. Nyamvula akiondoka nitalea mabweni yote mawili, watoto sitini na mmoja, mpaka atakaporudi. Nimemwuliza kama hiyo ni adhabu. Amesema bado hajajua.

Jumamosi, 3 Julai

Nimekwenda kwa Masha.

Nilimkuta shambani akipalilia mahindi, mkewe akimfuata nyuma akikusanya magugu. Walinikaribisha nyumbani wakataka kunichinjia kuku. Niliwaomba wasichinje mpaka nimesema nililoletwa nalo, maana sikutaka kula kuku wa watu ambao ningewatia uchungu. Nikasema. Nilimtazama Masha usoni kwa sababu nilikuwa nimejikataza kutazama chini.

Mkewe aliinuka akaenda nyuma ya nyumba. Masha alilaza jembe juu ya magoti yake. Kisha akauliza jambo moja tu.

"Alisemaje? Maneno yake mwenyewe."

"Alisema, 'Mama, shingo yangu haigeuki.'"

Aliyarudia taratibu. Akasema, "Alisema. Mke wangu alijua alisema. Alikuwa akiniambia kila siku, yule mtoto hawezi kunyamaza, na mimi nikamkatalia kwa maneno yako wewe."

Sikuomba msamaha mara ya pili. Hakunipa. Nilimweleza juu ya Mfuko, juu ya Nyamvula, kwamba ataanza hospitali mwezi wa Agosti. Alisikiliza huku akichokonoa udongo kwenye jembe. Nilipoinuka kuaga alisema, "Huyo mnayempeleka, kabla hajakwenda, mlete hapa. Kabla ya kufunzwa maradhi, amjue kwanza mtoto."

Kuku hakuchinjwa. Nimerudi na njaa, na nimeiona ni haki.

Jumamosi, 10 Julai

Nimempeleka Nyamvula. Njia nzima sikusema naye ila habari za treni. Nilikuwa nangoja acheke mahali pasipostahili, nipate neno la kuwaambia wenzangu.

Hakucheka. Mama yake Nyevu hakutoka alipotuona. Nyamvula hakungoja kukaribishwa kibarazani. Alizunguka nyumba mpaka nyuma, akamkuta anatwanga, akaomba mchi wa pili. Nilisikia michi miwili ikipokezana, kisha nikasikia sauti ya yule mama ikianza kusema. Ilisema tangu jua likiwa utosini mpaka vivuli vikawa virefu. Nyevu alivyozaliwa miguu kwanza. Nyevu na mbuzi wa jirani. Nyevu alivyoogopa radi na kukataa kukiri. Nyamvula aliuliza na kunyamaza, akauliza na kunyamaza. Sijapata kumsikia mtu akisikiliza hivyo.

Mimi na Masha tuliketi mbele, kila mmoja upande wake wa mlango. Baadaye aliniletea maji ya kunywa katika kata, akasimama mpaka nikamaliza, akaipokea.

Tulipokuwa tukishuka kwenda Mazeras nilimwambia Nyamvula kwamba siku ile ya mkutano sikuinua mkono. Akasema aliona. Nikamwambia ninauinua sasa. Njia ilikuwa tupu, hapakuwa na wa kuuhesabu, na nikauinua kweli, kikapu kikinining'inia kiwikoni, mpaka yeye akaushika akaushusha.